Jino la Kati ya la Saba na la Nane

Mtu akiniambia kwamba rafu ni rafu tu, damu inanichemka. Wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa mchumba wangu wa zamani, na hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya awe wa zamani. Mimi ni mpakaji wa vanishi, mtoto wa pekee wa seremala. Nyumbani kwetu rafu moja ya bafuni ilituchukua watu watatu tuliokuwa tukila sahani moja, ikatugeuza watu watatu tunaopishana koridoni kwa salamu za heshima. Afadhali tungegombana.

Baba yangu anaitwa Taratibu. Si jina la kuzaliwa, ni jina la karakana. Mwenye karakana akimwambia, "Mteja anakuja kesho," baba hujibu, "Aje taratibu." Kwa miaka thelathini na moja ametengeneza makabati ya nguo, ya jikoni na ya bafuni, na kila moja limetoka mlangoni likiwa na kibandiko cha duka ambalo mmiliki wake hajawahi kushika hata randa. Baba hupitisha kiganja juu ya mlango wa kabati mara ya mwisho, anatafuta mkwaruzo, anaukosa, anarudi kwenye benchi lake.

Watu hudhani kabati la bafuni ni kazi ya mwanafunzi. Waongo. Bafuni mbao hunywa mvuke asubuhi na jioni, na zile za vumbi la mbao lililogandishwa huvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Halafu kuna habari ya rafu zenyewe. Makabati yote ya bafuni yaliyopita mikononi mwangu kupakwa vanishi yalikuwa na rafu tatu zilizopigiliwa misumari, hazipandi wala hazishuki. Niliwahi kumuuliza baba ni nani aliyepanga vipimo vile. Akasema, "Mtu mmoja mwenye mikono mirefu na chupa fupi."

Miaka mitatu iliyopita mama alipata kiharusi. Kilikuwa kidogo, daktari akatuambia tushukuru, nasi tukashukuru. Mdomo ulirudi mahali pake, na ulimi ukarudi mkali kuliko zamani. Lakini mkono wa kushoto ulilala kabisa, na wa kulia, ambao tayari ulikuwa na bega bovu la miaka mingi, ukawa unapanda hadi usawa wa kidevu na hapo unagoma, hata uubembeleze vipi.

Asubuhi moja baba alimkuta amesimama bafuni mbele ya kabati, anaitazama dawa yake ya kuchua iliyokuwa rafu ya juu. Hakuwa amemwita mtu. Mama yangu haombi msaada. Atasimama hapo mpaka kabati lione haya.

"Unatafuta nini, mama?" baba akamuuliza.

"Namtafuta mume aliyetengeneza kabati hili."

Baba hakucheka. Alichukua tepu, na siku ileile akaanza.

Kabati la kwanza lilikuwa na safu za matundu na pini nne za kushikilia rafu. Ukitaka kuihamisha unachomoa pini, unazichomeka juu zaidi. Kwa mtu mwenye mikono miwili mizima ni kazi nyepesi. Mama alijaribu, pini moja ikadumbukia kwenye tundu la sinki, akamgeukia baba: "Umeniletea kabati au umeniletea kitendawili?" La pili lilikuwa na rafu za kuteleza kwenye mifereji. Likafanya kazi siku mbili, siku ya tatu mvuke ukaingia, rafu ikakwama. Baba akaivuta kwa koleo, ikatoka kwa kishindo, na chupa ya manukato ya mama ikapasuka sakafuni. Wiki nzima nyumba yetu ilinukia kama ya bibi harusi. Gundi alipita siku ile, akauliza naolewa lini.

Gundi ni fundi mwenzake baba, wamesimama benchi moja miaka ishirini. Aliitwa hivyo kwa sababu akikaa kwenye kochi lako hatoki mpaka atafutiwe patasi. Mimi namwita baba mdogo, na tangu utoto wangu hajawahi kuja kwetu bila kuniletea kipande cha mbao alichokichonga kuwa kitu: sungura, kijiko, mara moja kiatu cha mguu mmoja.

Kabati la tatu ndilo lenyewe. Nyuma yake, ndani, baba alisimamisha mbao mbili nyembamba zilizokatwa meno kutoka chini hadi juu, jino kwa jino, umbali wa vidole vitatu. Rafu akaiwekea kulabu mbili za shaba kwa nyuma na ukingo mdogo kwa mbele ili chupa zisiteleze. Unashika katikati kwa mkono mmoja, unainua kidogo, unavuta, kulabu zinatoka. Unaipeleka jino jingine, unaachia, na uzito wake wenyewe unaikaza. Mbao akaziacha na nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti pande zote zivimbe zitakavyo. Vanishi nilipaka mimi, tabaka nne, hadi ndani ya kila jino, kwa brashi ya kupakia rangi ya kucha.

Siku ya kulitundika alimsimamisha mama mbele yake. "Nyanyua mkono," akamwambia. "Ishia pale unapochoka, usifike pale unapouma." Mama akanyanyua. Baba akatia alama ya chaki, na alama ikaangukia katikati ya jino la saba na la nane. Fundi mwingine angesema tumia la saba, yatosha. Baba akalishusha kabati, akakata jino jingine palepale katikati, pande zote mbili. Ukilitazama kwa jicho la fundi linaudhi, maana linavunja mpangilio wote. Mama akapandisha rafu, akaiachia, ikakaa. Akachukua dawa yake ya kuchua. Kisha akamwambia baba atoke, anataka kuoga, na nilimsikia akiimba humo ndani.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue. Bafu hilo limo ndani ya chumba cha wazazi wangu, na chumba cha wazazi kwetu si njia ya kupita. Mimi niliyezaliwa na wao hubisha hodi nikasubiri. Gundi, pamoja na ugundi wake wote, hakuwahi kuvuka sebule.

Mwaka huu ikatokea habari ya nyumba ya wazee. Walikuwa wanajenga nyumba ya kuwatunzia wazee, vyumba sitini, kila kimoja na bafu lake, na wakatangaza kwamba kila fundi au kampuni ilete kabati moja la bafuni lionekane. Atakayechaguliwa atakuwa fundi mkuu wa nyumba hiyo, na ndani ya kila mlango wa kabati kutawekwa kibao kidogo cha shaba chenye jina la aliyelibuni. Jina la fundi mwenyewe, si la duka.

Sijawahi kumwona baba akitaka kitu kama alivyotaka kibao kile. Aliniomba niandike jina lake kwenye karatasi kwa herufi mbalimbali, tukakaa mezani tukichagua, mama akitutazama. "Herufi kubwa zote hizo za nini, mzee?" akasema. "Unagombea ubunge?" Lakini ni yeye aliyechagua mwishoni, akaweka kidole juu ya mwandiko mmoja, akasema huo ndio unaomfaa mtu mtulivu. Nalisema hili ili mjue kwamba mama alijua. Hakuna mtu anayeweza kuniambia hakujua.

Karakanani baba na Gundi walikata kigezo cha bati, ukanda mrefu wenye meno ya kuchorea mbao, yote kwa umbali uleule wa vidole vitatu. Jino la katikati halikuwamo, kwani lile lilikuwa la mama peke yake. Mzee mwingine na mkono wake angekatiwa lake. Kwa wiki tatu walifanya kazi baada ya saa za kazi, na baba alituomba tusiseme mpaka siku ifike. Hakuwa na shaka na mtu. Alisema tu kwamba kitu ambacho hakijakauka vanishi hakionyeshwi.

Kumbe kulikuwa na mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa kwao. Mama yao alifariki mjomba akiwa hajaanza kutembea, mama yangu akambeba mgongoni naye akiwa msichana wa miaka tisa. Mama alipoolewa alikuja naye, kama mzigo mwingine wa harusi, akakaa kwetu miaka sita. Baba ndiye aliyemfundisha kusoma tepu. Baadaye akapata kazi ya uuzaji kwenye kampuni kubwa ya fanicha, akanunua viatu vya ncha, na kila Jumapili alikuja kula kwetu na kutuchekesha hadi mbavu ziume. Nilimpenda mjomba. Nasema nilimpenda.

Siku ya maonyesho tulifika ukumbini saa saba mchana, mimi, baba na Gundi, tumelifunga kabati kwa shuka la mama. Makabati ya watu wengine yalikuwa yameshatundikwa ukutani. Msimamizi wa nyumba ile, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, wote wakimwita Bi Meneja, alikuwa akipita na wenzake wawili akifungua milango. Baba akalitundika lake, akamwonyesha: akashika rafu kwa mkono mmoja, akainua, akavuta, akaachia.

Bi Meneja alimtazama kwa namna ya kumwonea huruma. "Fundi," akasema, "hili tumeliona asubuhi. Kampuni ile pale ndiyo iliyolileta. Nakusifu umeiga vizuri, lakini hapa tunamtafuta aliyebuni."

Ukumbi mzima ulisikia. Mafundi wawili walicheka kwa pua. Baba alibaki ameshika ile rafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mikono yake haijui iende wapi.

Mimi niligeuka nikamwona Gundi. Na hapa naeleza aibu yangu mwenyewe, msidhani nitairuka. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Kikulacho ki nguoni mwako! Baba mdogo, umemuuza! Nani mwingine alikuwa na kigezo?" Nikaendelea. Nikamkumbusha sahani zote alizokula kwetu. Naam, nilihesabu sahani. Yule mtu mzima akavua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akatoka nje.

Baba hakunisikiliza. Alikuwa amekwenda kwenye kabati la kampuni. Akafungua mlango, akaingiza kidole nyuma, akaanza kupanda nacho kutoka chini, jino moja baada ya jingine, midomo yake ikihesabu. Tano. Sita. Saba. Kidole kikasimama. Kisha akanishika mkono, akakiweka kidole changu palepale.

Jino la kati. Liko pale, limekatwa vizuri sana, pande zote mbili. Fundi wa kampuni alikuwa ameiga kila kitu kama alivyoletewa, mpaka kimo cha kulitundika, na hakujiuliza jino lile ni la nini.

"Kigezo hakina jino hili," baba akasema polepole. "Gundi hajawahi kuliona."

Ndipo nilipoelewa, na nilitamani nisielewe. Aliyepima alipima kabati la nyumbani. Alisimama ndani ya bafu la wazazi wangu, na kampuni ile ndiyo iliyomwajiri mjomba. Na mlango ule haufunguki kwa mgeni ila mwenyewe amfungulie.

Tulimkuta mama sebuleni, anakunja nguo kwa mkono mmoja, akizikandamiza kwa kiwiko. Aliinua uso, akatutazama, akarudi kwenye nguo. Mtu asiye na lake angeuliza, "Vipi, wamelipenda?" Hakuuliza.

Baba akavuta kiti. "Mjomba alikuja lini?"

"Alhamisi ile. Mlikuwa kazini."

"Akaingia chumbani."

"Nilimwingiza mimi." Alikunja taulo, akalikunja tena. "Chupa nilizitoa mimi mwenyewe, mojamoja, ili apime vizuri. Walikuwa wanataka kumfukuza kazi, mzee. Walimwambia mwaka huu hajaleta kitu kipya hata kimoja. Alikaa hapo ulipokaa, akalia. Sijamwona akilia tangu nimtue mgongoni."

Kazi ya miaka mitatu ya baba, ile aliyoifanya kwa ajili ya bega lake yeye, aliitoa kwa kilio cha saa moja. Asante ya punda ni mateke, husema watu wakimlaumu mtu kama mjomba. Lakini mjomba simlaumu sana, wezi tunawajua. Nilikuwa namtazama mama yangu. Nilikuwa nayatazama yale mavazi aliyoyakunja, mashati ya baba yakiwa juu, kola zimepangwa zote upande mmoja.

"Ungeniambia," baba akasema.

"Ungekataa?"

Baba alifikiri. Ni mtu wa haki, hata siku kama ile alifikiri kwanza. "Ningemtafutia njia nyingine. Ningemchorea rafu za jikoni. Ningemchorea hata kumi."

"Basi ndiyo hivyo. Nilijua wewe unaweza kubuni nyingine. Yeye hawezi."

"Uamuzi ni kesho saa sita," baba akasema. "Nitakwenda asubuhi kumweleza Bi Meneja. Twende wote. Utamwambia tu lile jino ni la nani. Mjomba usimtaje, sema tu ni lako."

Mama akaacha kukunja. Nilidhani atalia, na kama angelia nadhani ningemsamehe siku ileile. Hakulia. "Nikisema ni langu nitakuwa nimemtaja. Nitasimamaje mbele za watu nimuumbue ndugu yangu?"

"Mimi nimeumbuliwa leo."

"Wewe ni mtu mzima, utavumilia. Damu nzito, mzee. Usinichagulishe."

"Umeshachagua," baba akasema, akainuka. Hakusema kwa ukali. Alikwenda uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likageuka upande, na mimi nikatoka kumtafuta Gundi. Nilimkuta kwake, nikapiga magoti mlangoni. Aliniambia ninyanyuke, nitachafua gauni. Mpaka leo hajaniletea tena kipande cha mbao.

Asubuhi tulikwenda wawili. Mama alikuwa macho, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, na kwa muda kidogo nilifikiri amekaa pale kwa kutusubiri. Baba alifunga kamba za viatu taratibu kuliko siku zote, cha kwanza, kisha cha pili, akivuta kila fundo. Mama akasema, "Nendeni salama."

Bi Meneja alitupokea vizuri, tena bila haraka. Akatupeleka kwenye lile kabati la kampuni, akaufungua mlango mwenyewe. Baba akamwonyesha jino. Akamweleza mvuke, kulabu, pini iliyodumbukia kwenye sinki, manukato yaliyopasuka. Bi Meneja alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu mara moja tu.

"Jino hili na mimi liliniudhi," akasema. "Niliwauliza ni la nini, wakaniambia ni la urembo. Wewe unasema ni la nini?"

"Ni la mtu mmoja. Mkono wake unaishia hapo."

Bi Meneja akavua miwani yake. "Fundi, maneno hata wao wanayo. Lakini mkono hausemi uongo. Mtu huyo mlete hapa, asimame mbele ya kabati hili, anyanyue mkono. Ukiishia kwenye jino hili nitajua lote ni lako, na sitauliza swali jingine. Nawasubiri mpaka saa sita. Yuko wapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo. Nilifungua mdomo kujibu. Baba akaniwekea kiganja chake begani, kile kigumu cha kutafutia mikwaruzo.

"Hayupo," akasema.

Bi Meneja akampa pole, akidhani amefiwa. Baba akaipokea pole ile, akamshukuru, tukatoka. Kutoka pale hadi nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.